Mwili unapopoteza joto: mwongozo wa haipothemia kwa watu wa Dar es Salaam

Dar es Salaam haina theluji, na usiku wake wa baridi kabisa, katikati ya kipupwe mwezi Julai, hushuka mpaka nyuzi 18 hivi. Ndiyo maana wengi huamini kwamba kufa kwa baridi ni habari za Ulaya. Imani hiyo ni ya hatari, na wa kwanza kuumizwa nayo ni watoto wachanga. Mwili haungoji barafu. Joto likitoka haraka kuliko linavyotengenezwa, na hali hiyo ikadumu, mtu atazidiwa hata katika hewa ambayo wewe uliyekauka na kushiba unaiona nzuri.

Karibu kila mara chanzo ni maji: yaliyo kwenye ngozi ya kichanga, kwenye shati la mvuvi, kwenye suruali ya dereva wa bodaboda aliyenyeshewa, kwenye fulana ya mpanda mlima iliyolowa jasho. Upepo ukiongezeka juu ya maji hayo, kazi inakwisha mapema. Ukishika jambo moja tu humu, shika hili: mkaushe mtu kwanza, kisha mfunike, ndipo utafute cha kumpasha moto.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya mwili, palipo moyo, ubongo na ini, joto la kawaida ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, hiyo ni haipothemia.

Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu yenye nyuzi zilezile. Ndiyo sababu chumba cha nyuzi 25 ni raha, lakini bahari ya nyuzi 25 inaweza kummaliza mtu aliyekesha ndani yake. Nguo iliyolowa haikuachi salama ukishatoka majini, kwa sababu kila tone linalokauka mwilini linaondoka na joto lako. Upepo nao hupeperusha ile hewa ya vuguvugu inayokaa karibu na ngozi. Na ukilala juu ya saruji, mchanga uliolowa au bati, joto linazama chini bila wewe kuliona.

Mwili hujitetea kwa njia mbili. Kwanza hubana mishipa ya damu ya ngozini, mikononi na miguuni, ili damu ya moto ibaki katikati. Vidole hupauka na kufa ganzi, na figo hutoa mkojo mwingi, kwa hiyo mtu hupungukiwa maji bila kuhisi kiu. Pili hutetemesha misuli. Kutetemeka ni kazi nzito inayokula sukari, kwa hiyo aliyelala njaa, mzee, mgonjwa na mlevi huishiwa nguvu ya kutetemeka mapema kuliko wengine.

Hatua zenyewe huenda hivi:

- Nyuzi 35 mpaka 32: anatetemeka kwa nguvu, vidole havifungi kifungo wala havishiki kamba, maneno yanaanza kuvutana, anakuwa mkali au anakaa kimya kuliko kawaida yake.
- Nyuzi 32 mpaka 28: kutetemeka kunapungua, halafu kunakoma. Anapepesuka, anaongea ovyo kama mlevi, anataka kulala. Wengine huvua nguo kwa sababu wanahisi wanaungua.
- Chini ya nyuzi 28: amezimia, anapumua kwa nadra, mapigo ya moyo ni hafifu hata huyaoni. Moyo wa hatua hii hushtuka kwa jambo dogo. Kumtikisa tu kunaweza kuuvuruga.

Angalia vizuri hapo katikati. Mtu aliyekuwa akitetemeka akatulia kabla hajapashwa joto hajapata nafuu. Amezidiwa.

Kama huna uhakika, mwambie aguse kidole kidogo kwa dole gumba la mkono uleule, kisha atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa kimoja, mhudumie kama mgonjwa hata akisema yuko sawa. Usimwamini kwa maneno yake, kwa kuwa ubongo uliopoa ndio wa kwanza kukosea hesabu.

Kipimajoto cha nyumbani kitakuangusha hapa. Cha kioo cha kawaida huanzia nyuzi 35, kwa hiyo mtu mwenye 31 atasomeka kama mwenye 35. Vingi vya betri huishia 32 na kuandika herufi tu badala ya namba. Kwapa la mtu mzima aliyelowa nalo halisemi kweli kuhusu moyo wake. Fuata dalili.

Kuna kosa lingine la kwetu: mtu akitetemeka, kila aliye karibu hufikiria malaria. Ingiza mkono chini ya nguo, gusa kifua na tumbo. Mwenye homa ya malaria kiwiliwili chake huwa cha moto, au kitakuwa hivyo muda mfupi baadaye. Kama kifua na tumbo vimepoa na mtu ametoka majini au kwenye mvua, mpashe joto sasa. Kipimo cha malaria kitafanyika kituoni.

Kichanga: saa 24 za kwanza

Hapa ndipo jiji letu linapopoteza joto zaidi, na hapa ndipo kinga ni rahisi kuliko pote. Mtoto anatoka kwenye nyuzi 37 za tumbo la mama, analowa mwili mzima, anaingia kwenye chumba chenye feni. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, na hajui kutetemeka. Anachoma tu mafuta maalumu yaliyoko mabegani na mgongoni, na akiba hiyo ni ndogo. Akiachwa na maji, joto lake linaweza kushuka nyuzi 2 mpaka 4 ndani ya dakika 10 hadi 20.

Kabla ya kujifungua, kwenye mfuko wa mama weka khanga au vitenge vikavu visivyopungua vinne. Khanga mpya hainyonyi maji vizuri, kwa hiyo ifue mara mbili tatu, ianike juani na uipige pasi. Ongeza kofia mbili, soksi na blanketi jepesi. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 hadi 28 na kisiwe na upepo. Kwa Dar nyuzi hizo zipo bila gharama yoyote. Kinachoharibu ni kiyoyozi, feni ya darini na madirisha mawili yanayotazamana. Mwombe mkunga azime feni dakika chache kabla mtoto hajatoka. Mama atatoka jasho, ndiyo, lakini avumilie kidogo.

1. Mtoto akitoka, akaushwe hapohapo: kichwa, mgongo, kifua, mikono, miguu. Khanga iliyolowa itupwe pembeni, ije nyingine kavu. Kosa la kila siku ni kumkausha vizuri halafu kumfunika kwa khanga ileile yenye maji.

2. Utando mweupe ulio kwenye ngozi uachwe. Unalinda ngozi na hauna uchafu wowote.

3. Alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, wafunikwe wote wawili. Wakae hivyo angalau saa moja bila kutenganishwa. Kupima uzito kunaweza kusubiri.

4. Anyonye ndani ya saa hiyo ya kwanza. Maziwa ya mwanzo ndiyo kuni za moto wake. Mtoto asiyenyonya hushuka sukari, na mwenye sukari ya chini hawezi kujipasha joto.

5. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Hapa ndipo mabibi na mashangazi huwa na haraka, na wanayo kwa upendo. Waelezeni kwa heshima: kuogesha mapema humpoza mtoto na humwondolea ule utando. Siku ya kuogesha ikifika, chagueni mchana. Fungeni mlango, zimeni feni, maji yawe ya vuguvugu yasiyoshtua kiwiko, oga iwe ya haraka, na khanga kavu iwe tayari mkononi mwa mtu wa pili kabla mtoto hajagusa maji.

6. Nguo zake ziwe nguo moja au mbili zaidi ya zile unazovaa wewe. Usipitilize. Januari na Februari jijini, mablanketi matatu yatampandisha joto mpaka aumwe.

Kumkagua mtoto hakuhitaji mashine. Gusa nyayo, kisha tumbo. Vyote vya joto: yuko vizuri. Nyayo za baridi na tumbo la joto: ameanza kupoa, mrudishe kifuani kwa mama mara moja. Nyayo na tumbo vyote vya baridi: hiyo ni dharura. Ukiwa na kipimajoto, weka kwapani, bana mkono wake taratibu; cha kioo kikae dakika tano. Kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kati ya 35.5 na 36.4 mpashe joto kwa ngozi na upime tena baada ya saa moja. Chini ya 35.5 nenda hospitali, kwa sababu kwa kichanga joto kushuka linaweza kuwa ishara ya uambukizo wa damu, na huo hautibiwi kwa blanketi. Vivyo hivyo kwa mtoto anayelia kwa sauti dhaifu, anayeacha kunyonya au aliyelegea.

Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 anahitaji huduma ya kangaruu, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza ianze mara baada ya kuzaliwa na iendelee kwa saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kigeukie upande mmoja na kiinuliwe kidogo ili pua na koo viwe wazi, miguu ikunjwe kama ya chura. Fungeni khanga kwa nguvu kiasi, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, asiteleze mama akisimama. Usiku mama alale nusu ameketi kwa mito. Mama akienda kuoga au kula, kifua cha baba kinafanya kazi ileile, cha bibi pia.

Mtoto akihamishwa kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa, asibebwe mikononi amefungwa mablanketi matupu. Aende kwenye ngozi ya mama au ndugu, kofia kichwani, kiyoyozi cha gari kimezimwa. Usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga unaitwa kwa namba 115, bila malipo.

Chupa ya maji ya moto isiwekwe kando ya kichanga. Ngozi yake huungua kabla hujagundua. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumpasha mtoto. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na huua mama na mtoto pamoja usingizini.

Baharini

Maji ya pwani yetu hufika nyuzi 29 hivi mwezi Machi, na hushuka karibu na 25 kuanzia Julai hadi Septemba. Miezi hiyo ya baridi ya maji ndiyo miezi ya Kusi: mawimbi makubwa, upepo mkali, na vyombo kupinduka kwa urahisi. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitokea Dar, katikati ya msimu huo. Katika maji ya nyuzi 25 mtu hafi kwa dakika. Anachoka kwa saa, mikono inaacha kushika, mwisho anazama. Anayeandika chanzo cha kifo huandika kuzama, na baridi iliyotangulia haitajwi.

Wavuvi wengi hupoa bila hata kuanguka majini. Kuvuta nyavu usiku nje ya Kunduchi au Mbweni, shati limelowa, Kusi linavuma, tumbo tupu: hapo vidole vinaanza kukosea mafundo, na mwenye vidole vya ganzi ndiye anayenaswa na kamba na kuvutwa. Kabla ya kutoka:

- Kila mtu avae jaketi okozi. Lililofungiwa chini ya samaki halitakusaidia chombo kikipinduka kwa sekunde tano. Filimbi ifungwe juu yake.
- Ndoo yenye mfuniko wa kubana: ndani yake sweta la poliesta au sufu kwa kila mtu, koti la mvua, kiberiti na simu.
- Chupa ya chai yenye chai tamu, na kitu cha kutafuna kila saa mbili: muhogo, tende, biskuti, chochote.
- Mtu wa nchi kavu ajue mnakwenda wapi na saa ya kurudi. Saa ikipita, atoe taarifa bila kuona aibu.

Nahodha awatazame watu wake. Mmoja akinyamaza na kuanza kukosea kazi aliyoizoea, abadili nguo, akae upande usio na upepo nyuma ya tanga au turubai, apewe chai.

Chombo kikipinduka, kaeni nacho. Pandeni juu ya tumbo la chombo kadiri mnavyoweza; hata upepo ukivuma, mwili ulio nje ya maji hupoa polepole kuliko ulio ndani. Jifungeni kwa kamba ili anayesinzia asiteleze. Nguo msivue, maana hushika maji ya vuguvugu karibu na ngozi. Taa za Kigamboni usiku huonekana ziko karibu, lakini msizifuate. Kuogelea huondoa yale maji ya vuguvugu na huongeza damu kwenye mikono na miguu inayopoa. Mwenye jaketi okozi aliye peke yake avute magoti kifuani, abane mikono mbavuni, kichwa kiwe juu. Wakiwa wengi, wakumbatiane vifua vikigusana, watoto katikati.

Anayeokoa naye ana kanuni yake. Mtu aliyekaa majini kwa saa nyingi avutwe akiwa amelala, kwa wavu, turubai au mikono ya watu watatu. Majini miguu yake ilikuwa inabanwa na uzito wa maji. Ukimvuta wima, damu inashukia miguuni ghafla na moyo unaweza kusimama mbele ya macho yenu. Akifika ufukweni asitembezwe. Wangapi wameokolewa, wakapiga hatua kumi mchangani wakishangiliwa, wakaanguka!

Mvua, mafuriko na pikipiki

Masika jijini hewa hubaki nyuzi 22 hivi au zaidi, lakini dereva wa bodaboda aliyelowa akiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa anajitengenezea upepo mkali mwenyewe. Mikono hukamata breki kwa kuchelewa. Koti la mvua na suruali yake vikae chini ya kiti, na fulana moja kavu ifungwe kwenye nailoni. Ukianza kutetemeka, simama, badili fulana, kunywa kitu cha moto. Gazeti au boksi chini ya koti huzuia upepo kifuani kama huna kingine. Abiria mwenye mtoto mgongoni kwenye mvua asubiri, au achukue bajaji yenye mapazia.

Nyumba za bonde la Msimbazi, kuanzia Kigogo mpaka Jangwani, zina historia ya watu kukimbilia mapaani maji yanapoingia usiku, kama Desemba 2011. Bati linalonyeshewa hunyonya joto sana. Mfuko wa dharura wa kaya uwe na turubai, nguo kavu za watoto zilizofungwa vizuri na blanketi moja la sufu au poliesta. Mkiwa juu, kalieni godoro, boksi au mto, watoto na wazee katikati, turubai juu ya wote.

Kwa anayetoka Dar kwenda Kilimanjaro

Joto hupungua takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo Posta kuna nyuzi 30, kilele cha mita 5,895 kinaweza kuwa na hasi 8 mchana, na alfajiri yenye upepo ni mbaya zaidi. Wengi wa jijini hupanda karibu na Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, wakati ambapo mvua za vuli bado zinaweza kuwakuta msituni siku ya kwanza. Wanalowa chini, wanapoa juu.

Jinzi ziache nyumbani. Pamba hunyonya maji na kuyashika, na jinzi iliyolowa Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, haitakauka mpaka unashuka. Huna haja ya duka la gharama. Mitumba ya Karume inatosha ukijua unachotafuta. Soma lebo: poliesta na sufu chukua, pamba acha. Kujua kama jaketi linazuia upepo, liweke mdomoni na upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi upande wa pili, litakuwa la ndani tu. Kujua kama linazuia mvua, mimina kifuniko cha chupa cha maji begani, subiri dakika tano, gusa ndani. Kagua zipu mpaka juu na kofia yake.

Unahitaji tabaka tatu: fulana ya poliesta inayobana ngozini, sweta la flisi juu yake, kisha koti la kuzuia mvua na upepo. Kwa usiku wa kilele ongeza jaketi nene la baridi, suruali ya ndani, kofia ya kufunika masikio, na glavu zisizotenganisha vidole juu ya glavu nyembamba. Soksi nene jozi moja yenye nafasi ni bora kuliko jozi tatu zinazobana, kwani kiatu kikibana damu haifiki vidoleni. Begi la kulalia liwe la kustahimili angalau hasi 10. Moshi na Marangu yanakodishwa.

Njiani, vua tabaka kabla hujaanza kutoka jasho. Ukifika kambini, kitu cha kwanza ni kubadili fulana, kabla ya picha na kabla ya chai. Kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, watu huanza kupanda saa sita usiku, na saa mbaya ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi. Kula kitu kitamu kila saa hata kama hamu haipo. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini ndani ya koti, kwa kuwa barafu huanzia juu. Mapumziko yawe ya dakika mbili tatu, umesimama au umekalia begi.

Mwenzako akipepesuka na kuongea ovyo, inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa ubongo kuvimba kwa ajili ya mwinuko. Msikae kubishana. Mvalisheni, mpeni kitu kitamu kama anameza, mshusheni sasa, asubuhi isisubiriwe. Kabla ya kulipa safari, uliza pia kama wapagazi wako wana makoti ya mvua na mahali pakavu pa kulala. Hao ndio wanaolowa zaidi na wanaosemewa kidogo zaidi.

Kumhudumia aliyepatwa

1. Mtoe kwenye upepo na maji. Mbebe amelala, taratibu.

2. Weka kitu chini yake kabla ya kuweka juu: godoro, mkeka uliokunjwa mara tatu, magunia makavu, maboksi.

3. Vua nguo zilizolowa. Kama amelegea au amezimia, zikate kwa mkasi au kisu badala ya kumvutavuta. Mkaushe kwa kugandamiza khanga, bila kusugua.

4. Mfunike blanketi, kichwa na shingo pia, kisha nailoni au turubai nje ya blanketi. Kama hakuna nguo kavu kabisa, mzungushie nailoni juu ya nguo zilezile na blanketi nje. Angalau maji yataacha kukauka kwa joto lake.

5. Mpashe joto kifuani na kwapani: chupa za maji ya moto zilizofungwa khanga, au mwili wa mtu mwingine mkavu ndani ya blanketi hilo. Chupa ishike kwenye upande wa ndani wa mkono wako kwa dakika moja. Ukishindwa kuvumilia, itamuunguza, hasa kwa kuwa ngozi yake haihisi. Mikono na miguu usiipashe, kwa sababu mishipa ikifunguka damu ya baridi inarudi moyoni na shinikizo la damu linashuka.

6. Akiwa macho, anatetemeka na anaweza kushika kikombe mwenyewe, mpe chai yenye sukari nyingi au uji. Aliyesinzia asipewe kitu mdomoni. Abaki ameketi au amelala angalau dakika 30 kabla ya kusimama.

Pombe hapana, iwe gongo au ya chupa. Inafungua mishipa ya ngozini, mtu anahisi moto huku joto la ndani linatoka, na inazuia kutetemeka. Usimchue miguu, usimtumbukize kwenye beseni la maji ya moto, usimlazimishe kukimbia. Sigara hapana, kwa kuwa hubana mishipa ya vidole.

Aliyezimia, sikiliza pumzi na tafuta mapigo shingoni kwa dakika nzima, kwani ya mtu aliyepoa huwa ya nadra mno. Kama hapumui, anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, pumzi 2 kwa kila mikandamizo 30; aliyezama anaanziwa na pumzi za mdomo. Endeleeni kwa kupokezana. Mwili wa baridi usio na dalili za uhai bado unaweza kurudi, kwa hiyo msimfunike uso na kutangaza msiba pale ufukweni. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya kumpasha joto. Uokoaji wa Zimamoto unapatikana kwa 114 na polisi kwa 112.

Aliyefika hatua ya kuongea ovyo au kuacha kutetemeka apelekwe hospitali hata kama amechangamka baada ya chai, vivyo hivyo aliyemeza maji ya bahari, mjamzito, mzee na mwenye kisukari. Mwelezeni daktari alikaa majini au kwenye mvua kwa muda gani, saa ngapi aliacha kutetemeka, na mlimpa nini.